Solitaire ya ku ordinatere: ile ya zamani batoto bacheze, ile mupya hapana

Koko ya batoto bangu aliona karata za Solitaire ku ekra akashtuka, akaniuliza tangu lini mi nafundisha batoto kamari. Namuelewa, juu hapa Bukavu karata tunazionaka barabarani na franka chini ya jiwe, na mutu anarudia nyumbani mikono mitupu. Njo nikakaa na binti yangu wa miaka 9 na mudogo wake wa 6, wiki mbili nzima, nikiangalia ile mchezo kila mangaribi umeme ukirudi.

Nasema ile Solitaire ya Windows 7 inafaa mutoto mwenye anajua kuhesabu vizuri. Karata 52, safu 7, unashuka kutoka mfalme mpaka chini, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu, na pale juu unajenga kila aina kuanzia asi. Hakuna mpinzani wa kukuchekelea, hakuna damu wala bunduki, na bunduki mi siipendi hata mu mchezo, batoto ba huku bamesikia za kweli sana. Binti mwanzoni J, Q, K zilimsumbua, nikamwambia zihesabu 11, 12, 13, basi sasa anahesabu kwa kurudi nyuma bila vidole na mkono wake ku suri umekomaa. Hata mi nilijifunza suri na hii mchezo, iko mu Windows tangu 1990.

Wa 6 bado. Anavuta karata ovyo, anangojea tu zile zinarukaruka mutu akishinda.

Kuna siku binti alilia juu alikwama, akaona ni yeye hana akili. Wazazi, muambie mutoto mapema: kuna karata zikipangwa hivyo hakuna mutu anaweza zimaliza, hata mukubwa. Mufundishe Ctrl+Z arudishe hatua. Mwenye amekomaa kidogo mupe FreeCell, mchezo ingine wa karata wa kucheza peke yako, kule karata zote ziko wazi tangu mwanzo na karibu kila mchezo unawezekana, mu michezo 32000 ya ile FreeCell ya zamani ni namba 11982 peke njo imeshindikana.

Sasa kitu yenye iliniuma. Mu reglaje kuna hesabu inaitwa Vegas, unaanza na deni ya dola 52 halafu kila karata unapandisha inakupa dola 5. Hapo koko alikuwa na haki kabisa! Huku dola njo tunalipia nyumba na minervale, mutoto akiona dola zinapanda hivyo hawezi kuona ni mchezo tu. Weka Standard, uzime na saa, na uchague kufungua karata moja moja, tatu tatu ni nguvu kwa mutoto.

Ile mupya ya Windows 10, Microsoft Solitaire Collection, iko na rangi nzuri na michezo mitano, lakini ukiwa na intaneti matangazo yanaingia katikati, ingine ni video, inakula mega zako, na kuyaondoa ni kulipa kila mwezi. Tena kuna shindano ya kila siku, mutoto akiamka anauliza ordinatere mbele ya chai. Hiyo nimefunga.

Kwetu ni nusu saa, kisha devuare ya masomo, na siku ya masomo mingi hakuna. Wa 6 nitamujaribu tena akifikisha 7.