Laptopu mpya yenye mwanya wa karatasi tatu

Mwanya niliuona nikiwa tayari Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, baada ya kuipakata laptopu usiku kucha ndani ya basi. Upande wa kushoto, pale inapochomekwa chaja, kifuniko cha chini na sehemu ya kibodi havikukutana sawasawa. Nikajaribu ukucha, ukaingia. Shilingi 2,350,000 za Uganda, pesa niliyoidunduliza mihula minne, halafu ukucha unaingia?

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa mtumba, na mtumba haukuumizi roho: unauchukua na mikwaruzo ya mwenyewe wa kwanza, herufi mbili zimefutika, betri inakaa nusu saa, na bado unashukuru. Hii ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kuchana nailoni ya sanduku jipya. Kwa hiyo niliikagua kama mjomba anayekagua ng'ombe wa mahari, pembe kwa pembe.

Ni ya inchi 14, plastiki ya rangi ya fedha, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8, SSD (diski ya kuhifadhia) ya GB 256, waranti ya mwaka mmoja. Nilinunua dukani Kampala. Kijana wa duka aliiwasha, nikaona inawaka, akaizima. Dakika tano hazikufika. Basi lilikuwa linapakia pale Arua Park na mimi nilikuwa na haraka; hilo ni kosa langu, simsukumii mtu. Kampala mpaka huku ni karibu kilomita 500, unavuka Nile Karuma, unaivuka tena Pakwach. Kasoro ukiigundulia nyumbani, kuirudisha ni safari nzima.

Mbali na mwanya, niliona kifuniko cha skrini kimeenda kulia kidogo ukikifunga, kama shati lililofungwa kifungo kimoja pembeni. Niliona pia kwamba mguu mmoja wa mpira haugusi meza, kwa hiyo ukichapa upande huo laptopu inanesa. Plastiki iliyo chini ya kiganja cha kulia ililia "kri" ukiibonyeza. Nikampigia yule kijana.

"Nyabo, hiyo ni kawaida," akasema. "Zote huja hivyo."

Neno kawaida silipendi likitoka kwa mtu aliyekwisha kulipwa. Ila sikutaka kugomba bila hoja.

Kusema kweli, mwanya wenyewe haukunitisha kama swali lililokuja nyuma yake: nani ameifungua kabla yangu? Aliyewahi kununua kompyuta mjini anaijua hofu hii. RAM inachomolewa inawekwa ndogo, au iliyotumika inasuguliwa, inavishwa nailoni na kurudishwa sandukuni. Basi nikaanzia hapo. Namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) iliyo kwenye sanduku nikailinganisha na ya chini ya laptopu, kisha na ile inayoonekana ukiingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows. Zote tatu zilikuwa moja. Nikaweka programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ni ya bure na inaonyesha diski imewaka kwa jumla ya saa ngapi tangu izaliwe: saa 4. Nikaandika amri powercfg /batteryreport, nikapata ripoti ya betri. Uwezo wake wa sasa ulilingana na ule wa kiwandani. (Wanaoshtuka kuona GB 238 badala ya 256, tulieni, hamjaibiwa. Kiwanda kinahesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni moja, Windows inahesabu kwa vipimo vya 1,024.) Skrubu za chini nazo nilizimulika kwa tochi ya simu, kichwa kimoja kimoja. Hakuna aliyezigusa.

Kwa hiyo ilikuwa mpya kweli, na mwanya ulitoka kiwandani. Hapo ndipo nikaanza kuelewa. Plastiki ya namna hii humiminwa ya moto ndani ya kalibu, na ikipoa inasinyaa. Vipande viwili vilivyosinyaa tofauti kidogo tu vinabanwa pamoja kwa vibanio vya plastiki vilivyojificha pembeni na skrubu chache. Kibanio kimoja kikikaa vibaya, unapata mwanya. Laptopu za bei kubwa ambazo mwili wake umechongwa kutoka bamba moja la alumini hazina shida hii sana, lakini bei yake ni bodaboda mpya.

Nilitaka kipimo, si maoni. Mezani nilikuwa na rundo la mitihani ya kidato cha pili. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Karatasi tatu ziliingia kwenye mwanya, ya nne ikakataa. Basi ni milimita 0.3 hivi. Nikapiga picha karatasi zikiwa ndani, pamoja na gazeti la siku ile ili tarehe ionekane. Mume wangu akaniuliza kama ninaandaa kesi. Nikamwambia bado.

Skrini niliipima bila kupanga. Usiku umeme ulikatika, na hakuna chumba cha majaribio kinachoshinda giza la mtaa mzima. Nikafungua picha nyeusi tupu, mwanga nikaupandisha mpaka mwisho. Kona ya chini kushoto ikawa na weupe hafifu, kama mwezi nyuma ya wingu. Skrini ya LCD haitoi mwanga yenyewe. Taa zake ziko nyuma, na fuwele zilizo mbele ndizo zinazouziba. Fremu ikibana kona moja zaidi, mwanga unavuja. Mchana siuoni, na kwenye ukurasa mweupe hauonekani kabisa. Anayetazama filamu gizani huenda utamkera.

Nilipofungua picha nyeupe nikaona pia nukta moja nyeusi isiyobadilika rangi. Skrini hii ina pikseli 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Nukta moja iliyokufa kati ya zote hizo watengenezaji wengi hawaihesabu kuwa ubovu. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 9241-307 cha mwaka 2008, kinachopanga skrini katika madaraja kulingana na nukta mbovu zinazoruhusiwa. Inauma, lakini hapo duka lingenishinda.

Kazi yenyewe inafanya. Kibodi ni laini na haina kelele, betri inanipeleka saa tano na kitu nikiandika na kutafuta mtandaoni, feni husikika nikifungua video. Spika ni mbovu, naziita nyuki ndani ya kopo. Mguu usiogusa meza niliutibu kwa kipande cha mpira wa ndala. Mlio wa kiganjani niliuzoea kwa wiki moja. Nilikuwa nimekwisha kusamehe yote.

Wiki ya tatu bawaba ya kulia ikaanza kulia.

Mlio huu ulikuwa mwingine: "tak," mara moja, kila nikifungua. Nyuma upande wa kulia, mahali ambapo siku ya kwanza karatasi moja iliingia kwa taabu, sasa zikaingia nne. Siku tano baadaye zikaingia saba. Ule mwanya wa kushoto niliouchukia siku ya kwanza ulikuwa umekaa palepale, karatasi tatu.

Nikaipeleka kwa fundi wa mjini hapa, ninayemwamini kwa sababu hukubali kusema "hii siiwezi". Hakuifungua. Aliinua kifuniko taratibu huku kidole kikiwa juu ya bawaba.

"Mwalimu," akasema, "skrubu za bawaba zinashika kwenye nati ndogo za shaba zilizozamishwa ndani ya plastiki. Nati moja imeng'oka. Ukiendelea kufungua na kufunga, bawaba itainua kifuniko chote, mwisho ipasue."

"Unaweza kuitengeneza?"

"Kwa gundi, ndiyo, elfu 30. Lakini nikiifungua mimi, duka watasema ni sisi tumevunja. Rudisha kwanza."

Kukataa pesa ya mteja namna ile kulinifanya nimwamini zaidi. Nikauliza pia kuhusu mlio wa kiganjani, akasema huo hauna neno. Alichonionya ni kimoja: siku nikiona padi ya kugusa imeinuka au chini kumevimba, nisingoje hata jioni, nizime na nisichaji, maana hiyo ni betri.

Kijana wa duka alirudia wimbo wake wa kawaida. Nikamtumia picha tatu zenye tarehe: karatasi moja, nne, saba. Nikamtumia na risiti ya EFRIS, ile ya kielektroniki ya mamlaka ya mapato, ambayo niliidai siku ya kununua huku yeye akinipa ya mkono, na nikamkumbusha kwa upole kwamba Uganda ina sheria ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 2017 inayogusa ubora wa kitu kinachouzwa. Alikaa kimya dakika kumi. Kisha: "Nyabo, tuma na basi."

Nikatuma. Nauli ya mzigo nililipa mimi, na nililalamika. Ilikaa huko siku 19, na mimi nikarudi kuandika alama kwa mkono kama zamani. Iliporudi ilikuwa na sehemu mpya ya juu ya kibodi pamoja na bawaba mpya. Mlio wa kiganjani umekwisha. Mwanya wa kushoto umezibika kabisa. Ila sasa kuna mwingine mbele, katikati, chini ya padi ya kugusa, ambao haukuwapo.

Nilicheka peke yangu. Nikachukua karatasi: mbili zinaingia. Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita, na kila mwisho wa mwezi, nikimaliza kusahihisha, naupima. Ijumaa nimeupima tena. Mbili.