Greta ya kushika mkononi: ipi ununue, ipi umwachie muuzaji

Nianze na mpini wa greta, yaani hilo bamba la meno la kukwaruzia karoti na tangawizi, maana hapo ndipo hela yangu ilipopotelea. Mwaka jana tulikuwa tunapika harusi huku Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, pilau na kachumbari na ile saladi ya kabichi na karoti ambayo isipokuwepo wageni wanarudi nyumbani wanasema hawajala, na karoti za kukwaruza zilikuwa nusu gunia, mimi na wifi yangu tumekaa kwenye vigoda, beseni katikati, kila mtu na greta yake. Yangu mpya kabisa, inang'aa, nimeitoa dukani siku mbili kabla kwa shilingi 7,000 za Uganda. Karoti kama ya thelathini hivi mpini ukaanza kucheza. Nikasema itavumilia. Haikuvumilia, ikang'oka, mkono ukateleza mpaka kwenye meno na ngozi ya vidole viwili ikabaki huko, damu kwenye karoti, beseni nzima tukamwaga. Wifi akaniangalia tu, "Wifi, ulinunua greta ama ulinunua kioo?"

Kwa hiyo sasa nikifika sokoni nashika mpini kwanza, meno baadaye. Meno mapya yote yanakata bwana, hata ya bati, siku ya kwanza yanakata vizuri sana. Shida ni kinachoyashikilia. Hizi hapa aina tano, nimezipanga kuanzia ninayoisifu zaidi.

Namba 1: bapa, ya stenlesi, mpini na fremu ni kitu kimoja

Hii ndiyo ninayo sasa. Ni bamba moja bapa, limezungushiwa waya nene ya stenlesi, na hiyohiyo waya inaendelea kule juu inakuwa mpini, yaani hakuna mahali mpini ulipobandikwa. Chini ina vijiguu viwili vya kukaa kwenye mdomo wa beseni au sufuria, isiteleze. Nilinunua Kampala pale kwenye maduka ya Kikuubo, muuzaji alianza na 22,000, ameniita nyabo (ndiyo "mama" ya Kiganda) mara tano, tukamalizana 15,000. Huku mpakani nimekuta za aina hiyo kwa bei inayokaribiana, ila nyingi bamba ni jembamba.

Namna ya kuipima mbele ya muuzaji, usione aibu: shika mpini mkono mmoja, ncha ya chini mkono mwingine, halafu nyonga kidogo kama unakamua nguo. Ikilia kwii, rudisha. Bonyeza katikati kwa dole gumba, bamba likibonyea kama mfuniko wa kopo hilo ni la kukwaruzia ndizi mbivu. Igeuze uangalie pale waya ilipochomelewa kwenye bamba, kila alama ya wedingi iwe imekaa, isiwe kuna moja inaning'inia (yangu ina sita na nilizihesabu zote, muuzaji akacheka). Kingo za bamba ziwe zimekunjwa, zisizokunjwa zitakukata wakati wa kuosha na hiyo inauma kuliko meno yenyewe. Mwisho, mimi huwa naenda na karoti moja kwenye mkoba. Kweli kabisa. Vuta mara mbili tu, greta nzuri inatoa nyuzi ndefu zilizonyooka, mbaya inatoa uji uji na maji.

Kuhusu sumaku: watu wanasema ikinasa sumaku si stenlesi, na wengine wanazunguka nayo sokoni kama wataalamu. Si kweli hivyo. Ile iliyoandikwa 18/8, maana yake kromi asilimia 18 na nikeli asilimia 8, kwa kawaida hainasi, lakini kuna stenlesi zisizo na nikeli, mfano 430, zinanasa vizuri tu na kutu haizishiki kirahisi. Cha kuogopa ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya fedha juu, maana wakishatoboa matundu ule mpako unavunjika palepale kwenye meno, na kutu inaanzia hapo, mahali chakula kinapopita. Washa tochi ya simu uangalie ndani ya matundu. Ukiona rangi ya ndani ni nyingine na ya juu ni nyingine, muachie.

Namba 2: ya pande nne, ile ya kusimama

Nyumba ya watu wengi iweke hii ya kwanza, sikatai. Unaisimamisha kwenye ubao, unakandamiza, mkono hauchoki haraka. Matundu makubwa ni ya karoti na chizi, madogo ni ya vitu unavyotaka vitoke laini, ule upande wa mdomo mmoja mpana unakata matango vipande, na ule wa miiba miiba ni wa tangawizi ingawa nusu ya tangawizi inabaki imeng'ang'ania hapo na unaitoa kwa kijiti ukilaani. Sikuiweka juu kwa sababu haikai juu ya sufuria, na kuosha kule ndani ni kazi ya mtu mwenye mkono mwembamba. Mpini wa juu mara nyingi ni plastiki iliyobanwa na vijimenyo vilivyokunjwa, utikise.

Namba 3: nyembamba ndefu, kama tupa ya fundi

Na kweli ni tupa. Hizi zilianza Marekani, kule Arkansas, mwaka 1990, jina ni Microplane, zilikuwa za mafundi mbao za kulainishia mbao. Sasa mwaka 1994 kule Ottawa, Kanada, mama mmoja anaitwa Lorraine Lee, mumewe alikuwa na duka la zana, alikuwa anatengeneza keki ya machungwa na greta yake imemchosha, akachukua hiyo tupa mpya ya mbao akapitisha chungwa. Ganda likaanguka kama theluji. Siri yake ni kwamba meno hayatobolewi kwa kugongwa, bamba linaliwa na asidi mpaka ukingo unabaki mkali kama wembe.

Kama unauza chai ya tangawizi au juisi, hii ndiyo namba moja yako usinisikilize huko juu. Tangawizi, kitunguu saumu, kungumanga, ganda la limau, inatafuna yote. Karoti usijaribu, utapata vumbi. Na nunua yenye kifuniko, bila hivyo ikae mbali na droo ambayo watoto wanatafuta vijiko.

Namba 4: kopo na misumari

Mtacheka lakini nimeiweka hapa makusudi. Bibi yangu alikuwa anachukua kopo la mafuta ya kupikia, analifungua, ananyoosha bati, anatoboa kwa msumari kutoka upande mmoja, halafu analipigilia kwenye ubao huku limeinama kidogo katikati. Tangawizi na muhogo ilikuwa inasaga kuliko mashine. Haidumu, kutu inakuja, unatupa unatengeneza nyingine. Kopo lililokuwa na rangi au dawa ya shamba usiguse kabisa.

Namba 5: seti ya plastiki yenye visu vya kubadilisha

Boksi zuri, visu vitano, kibakuli chini, picha ya karoti nyekundu sana juu. Mbona iko chini ya kopo? Kwa sababu kisu kinakaa kwenye fremu ya plastiki kwa kubanwa tu, ukikutana na karoti ngumu au kiazi kibichi, fremu inapinda na kisu kinachomoka kikiwa chini ya kiganja chako. Mtu mmoja anayekwaruza yai la kuchemsha itamfaa. Mpishi hapana.

Sasa kutumia, maana hata namba moja itakukata ukiharaka. Weka kitambaa chenye unyevu chini ya beseni lisitembee. Karoti ishike upande wa kikonyo, kandamiza kwa kiganja vidole vikiwa vimeinuka, vuta ndefu kwa nguvu kidogo, na ikibaki kama dole gumba acha, hicho kipande tupa kwenye supu. Kile kidogo cha mwisho ndicho kinachokata watu, wote tunakijua na wote tunakitaka. Tangawizi pitisha kwa kukata nyuzi, usifuate urefu wake, ukizikata hivyo utaona nyuzinyuzi zinabaki mkononi na uji unashuka. Nyanya ikate nusu, kwaruza upande wa nyama, ganda linabaki kiganjani, mchuzi wa haraka huo. Kabichi mimi natumia kisu, greta inaitoa maji na saladi inalala kabla bibi harusi hajafika. Chizi, paka mafuta kidogo kwenye meno kwanza.

Kuosha ni palepale. Wanga wa irishi, yaani viazi, ukikauka kwenye matundu ni kama gundi, utasugua mpaka ulie. Maji, mswaki wa zamani, na usugue kutoka nyuma, kule ambako meno hayakuangalii, si kwa sponji kutoka mbele maana sponji itakatika vipande na utavila kesho. Kausha, tundika kwenye msumari. Kuirundika na vijiko kunapinda meno, na pia kuna yule mtu atakayeingiza mkono usiku bila kuwasha taa.

Ile ya harusi sikuitupa. Mpini ulikwisha lakini bamba lilikuwa zima, nikalipigilia kwenye kipande cha ubao kama bibi, liko jikoni linakwaruza tangawizi ya chai ya asubuhi. Kutu imeanza safu ya chini, meno matatu hivi, nadhani mpaka Krismasi limekwisha.