Sabuni ya mawese au maji ya majivu?

Hapa Kigoma, anayetaka kuachana na sabuni ya unga ana njia mbili karibu: sabuni ya mche ya mawese na maji ya majivu. Nimefua kwa zote.

Ya mawese hupikwa kwa mafuta ya michikichi na kostiki soda. Ikishakauka vizuri kwa wiki kadhaa, inatoa povu, inaondoa shombo la dagaa, na mikono yangu haijachubuka. Kasoro yake ni kwamba maji yakiwa ya chumvichumvi huacha utando mweupe, kwa hiyo suuza mara mbili.

Majivu ni bure. Chekecha ya kuni tupu, si ya mbao zilizopakwa rangi, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa. Maji hayo yanateleza kwa sababu yana potashi, na potashi hukata mafuta. Kwa matambara ya jikoni, sawa. Ila yanababua ngozi, na sufu au hariri yanaiharibu.

Nguo za mtoto nazifua kwa mawese tu. Na lolote utakalochagua, tafadhali usifulie ziwani: maji ya Ziwa Tanganyika hutoka kupitia mto mmoja tu, Lukuga, na hukaa ziwani mamia ya miaka. Mwaga kwenye udongo, mbali na ufuko.