Sarafu za fedha za Ujerumani zenye sura za watawala: uanze na ipi?

Anayeanza kukusanya sarafu za Ujerumani za karne ya 16 hadi ya 18 huvutwa kwanza na ukubwa, maana thala, sarafu kubwa ya fedha ya gramu 29, hujaza kiganja. Mimi nasema lipia uso. Sarafu ndogo ambayo jicho, nywele na kola ya mtawala vinaonekana vizuri ni bora kuliko thala kubwa iliyolika shavu.

1. Sarafu za kroitza 15 za Leopold I (kroitza ni kizio kidogo cha pesa cha wakati huo). Naziweka mbele bila kusita. Kaisari huyu (1658–1705) alichongwa alivyokuwa, taya refu na mdomo wa chini umechomoza. Zilifuliwa kwa wingi kuanzia 1659, Vienna, Breslau na kwingineko katika milki ya Habsburg, ukoo wake, hivyo mnunuzi ana nafasi ya kuchagua. Nyingi zilipitishwa kati ya roli mbili zenye nakshi, ndiyo maana zimepinda kidogo. Usizikatae kwa hilo.

2. Thala za Maximilian III Joseph wa Bavaria. Kwa mapatano ya 1753, marki moja ya Cologne (kipimo cha uzito, takriban gramu 234) ya fedha safi ilitoa thala 10. Kila moja ina gramu 28 na kidogo, usafi 833 kwa 1,000. Nyuma yupo Bikira Maria na Mtoto. Uzito ukijulikana hivi, mizani ndogo ya sonara inatosha kukutia shaka kuhusu sarafu nyingi za bandia.

3. Thala za Johann Georg I wa Saxony (1611–1656), upanga begani. Ni nzuri mno, na zilipita katika Vita vya Miaka Thelathini (1618–1648) vya Ulaya. Lakini hapa ndipo wengi huumia: thala kama hizi zilivaliwa shingoni, zikalehemiwa pete, kisha pete ikang'olewa. Kagua ukingo juu ya kichwa cha mtawala. Ukiona tupa imepita, rangi imebadilika au herufi zimefifia mahali pamoja tu, bei ishuke sana. Muuzaji asiyetaka kupiga picha ya ukingo, achana naye.

4. Theluthi mbili za thala, za miaka ya 1670 hadi 1690, kama zile za Friedrich Wilhelm wa Brandenburg. Sura zake hupendeza, ila nyingi zilifuliwa haraka na upande mmoja ukatoka hafifu.

5. Thala ya Maria Theresa ya 1780. Pwani yetu iliitumia sana katika biashara, nasi tunaiheshimu kwa hilo. Ila malkia alifariki mwaka huohuo, na sarafu ikaendelea kufuliwa kwa tarehe ileile. Vienna bado inaitoa. Herufi S.F. chini ya sura, za maofisa wa kiwanda cha sarafu cha Günzburg, nazo zilinakiliwa, kwa hiyo si ushahidi wa umri. Usilipe bei ya karne ya 18 kwa sababu ya tarehe peke yake.

Ukinunua mnadani, uliza kamisheni ya mnunuzi kabla ya kutaja bei, kwani huongezwa juu ya bei uliyoshindia.