Mashine ya kupima sukari kwa kisukari cha mimba: nilivyoiona baada ya wiki 12, Tanga

Nianze na hesabu, maana ndiyo inayowaumiza wengi. Mashine si ghali. Ghali ni stripu, vile vijiti vya kuwekea tone la damu. Mwenye kisukari cha mimba kwa kawaida hupima mara 4 kwa siku: asubuhi kabla hajala, kisha baada ya kila mlo. Kikopo cha stripu 50 hakimalizi siku ya 13. Kwa hiyo pita kwanza maduka ya dawa ya Ngamiani, hapa mjini, uulize stripu za mashine gani zinapatikana muda wote na kwa bei gani, ndipo uchague mashine. Yangu ni ya kawaida tu: kioo kikubwa, tone dogo, jibu kwa sekunde 5. Kiwango cha kimataifa kinaziruhusu mashine hizi kupishana na maabara kwa takriban asilimia 15, hivyo 7.6 na 8.0 (mmol/L, kipimo cha sukari kwenye damu) si tofauti ya kukukosesha usingizi.

Adui wa stripu hapa pwani ni unyevu. Ndani ya kikopo kuna dawa ya kuunyonya, nayo haifanyi kazi kifuniko kikiwa wazi. Toa stripu moja, funga papo hapo mpaka kilie. Usiweke kwenye friji wala dirishani. Kabati la chumbani lenye kivuli linatosha. Andika tarehe uliyokifungua, kwani nyingi hudumu miezi 3 hadi 6 tu tangu hapo (soma lebo yako). Kuna duka linauza stripu kumi kumi kwenye kimfuko. Nilizilinganisha na za kikopo kwa kidole kilekile: kikopo 5.0, kimfuko 6.3. Hiyo ni kutupa pesa.

Mikono nayo. Menya chungwa la Muheza, kisha jitoboe bila kunawa, uone namba itakavyoruka. Ule utomvu mtamu uliokaukia ngozini unaingia kwenye tone, na kufuta kwa spiriti hakutoshi. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, toboa ubavuni mwa kidole. Damu ikigoma, ninginiza mkono chini kidogo. Ukikamua kwa nguvu unachanganya damu na maji ya mwilini.

Namba zinazotafutwa: asubuhi chini ya 5.3, saa moja baada ya kula chini ya 7.8, saa mbili chini ya 6.7. Muda unahesabiwa tangu tonge la kwanza, si tangu sahani iondolewe. Mashine ikionyesha 95 usishtuke, ni kipimo kingine (mg/dL). Gawa kwa 18.

Hapo ndipo mashine inapolipa gharama yake, kwa sababu inakuambia sahani yako, si sahani ya kwenye karatasi ya kliniki. Asubuhi ndiyo ngumu kuliko zote: homoni za alfajiri huzuia insulini (inayoshusha sukari), hivyo vitumbua vitatu na chai ya sukari vinakupeleka juu hata kama mchana kiasi hichohicho kingepita. Slesi moja ya mkate, yai na chai isiyo na sukari huwa salama zaidi. Uji mtupu, hata wa ulezi, hupanda haraka. Mchana, ugali wa ukubwa wa ngumi, samaki, na nusu sahani ya matembele au bamia. Bada (ugali wa muhogo) pia ni wanga, usiihesabu kama kitoweo. Chungwa kula zima. Glasi ya juisi ni machungwa matatu au manne bila nyuzi zake. Wali wa nazi una hila: mafuta huchelewesha sukari, saa moja inakuonyesha 7.0 ukafurahi, saa mbili imepanda. Siku ya wali, pima zote mbili.

Usikate wanga wote kwa hofu ya namba. Mjamzito anahitaji kama gramu 175 kwa siku, bila hivyo mwili unaunguza mafuta na kutoa ketoni (tindikali zitokanazo na mafuta hayo). Namba za asubuhi zikizidi mara mbili tatu kwa wiki ilhali unakula vizuri, rudi kliniki na daftari. Huenda unahitaji dawa, na hilo si kosa lako.

Baada ya kujifungua namba nyingi hushuka ndani ya siku chache, na hapo ndipo uji wa pilipili manga wenye sukari unapoletwa kila asubuhi hadi arobaini. Pilipili manga haina neno, waambie wapunguze sukari. Supu ya samaki inaleta nguvu vilevile. Mashine haitoshi kusema umepona: kati ya wiki ya 6 na 12 nenda kapimwe kwa kunywa glukosi gramu 75, ukiwa hujala tangu usiku, kisha uendelee kupimwa sukari kila baada ya mwaka 1 hadi 3, maisha yako yote.

Mashine unaweza kumwazima shoga yako ukishaifuta vizuri kwa dawa ya kuua vijidudu. Kalamu ya kutobolea, hapana, hata ukibadilisha sindano.