Sinema zangu bora za nusu ya kwanza ya 2025: mwaka wa masikio

Nusu ya kwanza ya 2025 imekwisha, na tayari nina sinema kadhaa ninazoweza kuzitetea mbele ya yeyote atakayekubali kunisikiliza. Nikizipanga pamoja naona karibu zote zimeniteka kwa sauti kabla ya picha. Picha nzuri siku hizi zimejaa tele, hata tangazo la sabuni linazo. Sauti iliyofikiriwa ndiyo adimu. Kwa hiyo usishangae nikikusimulia zaidi habari za kelele, nyimbo na ukimya, na mavazi nikayapita juu juu.

Inayoongoza, tena kwa mbali, ni Sinners ya Ryan Coogler. Mwaka ni 1932, mahali ni Clarksdale, Mississippi. Mapacha wawili, Smoke na Stack, wamerudi kutoka Chicago na fedha ambazo ni afadhali usiulize zilikotoka. Wananunua kinu cha zamani cha kupasulia mbao ili wakifanye ukumbi wa muziki na pombe kwa watu weusi wa mashamba ya pamba. Michael B. Jordan anacheza pacha wote wawili, na haikuchukua muda nikaacha kutafuta ujanja wa kamera na kuwaona kama ndugu wawili kweli, mmoja mzito wa moyo, mwingine mwepesi wa ulimi. Giza likiingia wanakuja wanyonya damu. Lakini kama umefuata damu tu, utasubiri sana. Coogler anatumia muda mrefu kuwakusanya watu wake mmoja mmoja: mpiga gitaa, mpiga kinanda, mpishi, mlinzi wa mlangoni. Najua wapo waliolalamika kwamba sehemu hiyo inavuta. Mimi ningeongezewa nusu saa nyingine nisingenung'unika.

Kuna kipande kimoja garini. Delta Slim, mzee mpiga kinanda anayechezwa na Delroy Lindo, anasimulia jinsi mwanamuziki mwenzake alivyouawa na kundi la wazungu. Kisa chenyewe hatuonyeshwi. Tunachopewa ni sauti: chini ya maneno ya mzee zinapanda kelele za siku ile, kana kwamba bado ziko kichwani mwake. Kisha maneno yanamwishia. Anaanza kuguna, mguno unashika mahadhi, mkono unatafuta mdundo. Blues, muziki wa huzuni wa watu weusi wa Marekani, inazaliwa mbele yako na hakuna mtu aliyesimama kukupa somo la historia.

Halafu kuna wimbo wa Sammie ukumbini, ambao nadhani ndio kila mtu ameusikia hata kama hajaiona sinema. Miles Caton, anayemcheza Sammie, yule kijana mpiga gitaa, anaanza kuimba na gitaa lake, kamera inajipenyeza kati ya wachezaji, na taratibu wanaingia watu ambao hawakualikwa: wapiga ngoma wa Afrika ya kale, mpiga gitaa la umeme wa miaka mingi baadaye, didjei na santuri zake, hata mchezaji wa opera ya Kichina, kwa sababu mle ndani wamo pia wenye duka Wachina wa pale mjini. Muziki wa Ludwig Göransson unawapokea wote bila kugongana. Kwenye karatasi wazo hili lingeonekana la kuchekesha. Ukumbini nilisisimka mwili mzima. Mpiga picha wa sinema hii, Autumn Durald Arkapaw, ndiye mwanamke wa kwanza kupiga sinema ya hadithi kwa filamu ya IMAX, ile ya skrini kubwa kupita kiasi, na kama utapata skrini ya namna hiyo, usiikose. Kasoro ninayoiona iko kwenye mapigano ya mwisho: watu niliofundishwa kuwapenda kwa saa nzima wanaondoka kwa mkupuo, sipati hata nafasi ya kuwalilia. (Jambo la pembeni lililonifurahisha: kwa mkataba wake, Coogler atarudishiwa haki za sinema hii baada ya miaka 25. Sammie angelipenda hilo.)

Ya pili ni On Becoming a Guinea Fowl ya Rungano Nyoni, Mzambia aliyekulia Wales. Ilionyeshwa kwenye tamasha la sinema la Cannes 2024 na ikampa tuzo ya uongozaji katika kitengo cha Un Certain Regard, ila kwenye kumbi nyingi imefika mwaka huu. Shula anaendesha gari usiku akitoka kwenye sherehe, amevaa vazi jeusi lililovimba na kofia inayometameta, anakuta maiti barabarani. Ni mjomba wake, Fred. Hapigi yowe wala hashuki kulia. Anakaa tu, uso mkavu, anapiga simu. Susan Chardy anaubeba uso huo karibu sinema nzima, na wewe mtazamaji unaanza kujiuliza huyu mjomba alimfanya nini.

Yanayofuata ni msiba, na hapa mtu yeyote aliyewahi kukaa matanga atajiona. Mashangazi wanapima nani amelia vya kutosha. Wanawake wanapika, wanaume wameketi wanaagiza chakula. Mjane, ambaye bado ni msichana mdogo, anasemwa kwamba hakumtunza mumewe. Nyoni haongezi muziki wa kukuamuru uhuzunike. Anaacha vilio vyenyewe vifanye kazi, na baada ya muda unaanza kusikia kwamba vilio hivyo vinafunika kitu, kwamba nyumba nzima inapiga kelele ili jambo moja lisisikike. Ndege wa kwenye jina la sinema, kanga, anatokea katika kipindi cha zamani cha televisheni cha watoto: akiona adui, hupiga kelele kuwaonya wanyama wengine. Mwisho wake sitausema. Nitasema tu kwamba sauti ya kanga haitaniingia tena sikioni vilevile. Pia inachekesha, hasa binamu mlevi Nsansa, ambaye ucheko wake unazidi kuumiza kadiri unavyomjua.

Warfare ya Alex Garland na Ray Mendoza nimeipa nafasi ya tatu kwa shingo upande. Mendoza alikuwa mwanajeshi huko Ramadi, Iraki, mwaka 2006, na sinema imejengwa kwa kumbukumbu zake na za wenzake: kikosi kimejificha katika nyumba ya familia, bomu linalipuka, majeruhi wanangoja kuokolewa. Mapigano yote hayana muziki wa kusindikiza. Mlipuko ukishapita, masikio ya wanajeshi yanazizima na yako pia, kila kitu kinasikika kama kiko nyuma ya ukuta. Usikivu ukirudi, kinachorudi nao ni yowe la majeruhi, na halikatwi. Linaendelea wakati wengine wanatafuta dawa, linaendelea wakati redio inaongea, linaendelea hata ukatamani mtu aliyeko kwenye chumba cha kuhariri akuonee huruma. Ni kazi ya hali ya juu. Shingo yangu imekwenda upande kwa sababu ya ile familia ya Kiiraki iliyofungiwa chumbani kwake: ni nyumba yao inayobomolewa, lakini tunawasikia kidogo mno.

28 Years Later ya Danny Boyle ina dakika chache ambazo peke yake zingetosha kuiingiza hapa. Kijana Spike anavuka na baba yake kutoka kisiwani kwenda kuwinda walioambukizwa virusi vya wazimu, na juu ya picha inasikika sauti ya Taylor Holmes akisoma shairi la Kipling kuhusu wanajeshi wanaotembea bila kupumzika. Sauti hiyo ilirekodiwa 1915. Inaanza tulivu, inazidi kupanda mpaka inakuwa ya mtu anayepoteza akili. Sehemu kubwa ya sinema ilipigwa kwa simu za iPhone, nayo inaipa ukali fulani ninaoupenda. Ralph Fiennes ni wa ajabu kama daktari anayetunza mifupa ya wafu. Dakika za mwisho kabisa zinaruka na kuingia sinema nyingine, na sikuzipenda hata kidogo.

Flow, katuni ya Gints Zilbalodis wa Latvia, ni ya 2024, ila ilipata Oscar Machi mwaka huu na ndipo nilipoiona, kwa hiyo naihesabu. Paka, mafuriko, mashua, hakuna neno hata moja. Sauti ni za wanyama halisi, ila kapibara, mnyama mkubwa wa jamii ya panya, alipewa sauti ya ndama wa ngamia kwa kuwa yake mwenyewe ilikuwa nyembamba mno.

Mission: Impossible ya safari hii ina saa karibu tatu, na ya kwanza inaishia kwenye maelezo: watu wamesimama wanaelezana tutafanya nini na kwa nini dunia itakwisha. Halafu Tom Cruise anaingia kwenye manowari iliyozama, mazungumzo yanakoma, yanabaki maji na chuma kinacholia. Stelingi wetu akinyamaza ndipo ninapokumbuka kwa nini nimelipa tiketi.

Na Black Bag ya Steven Soderbergh, majasusi mke na mume, Cate Blanchett na Michael Fassbender, dakika zaidi kidogo ya tisini na hakuna ya kutupa. Silaha yake ni maneno: kikao cha chakula cha jioni ambapo mwenyeji ametia dawa kwenye sahani ili wageni wafunguke, na wakafunguka kweli, mpaka kisu kikazama kwenye kiganja cha mtu.

Kama huna ukumbi karibu, vaa hedifoni nzuri. Spika ya simu itakunyima nusu ya Warfare na zaidi ya nusu ya Sinners. Black Bag unaweza kuitazama kwa namna yoyote, ilimradi usijibu ujumbe katikati, kwa sababu ukikosa sentensi mbili tu utalazimika kuirudisha nyuma.