Tahadhari: betri za LiPo za ndege za rimoti zilizovalishwa lebo mpya

Wakuu mnaorusha ndege za rimoti, na hasa mnaoanza au mnaowanunulia watoto: kuna muuzaji wa mtandaoni yuko Dar anauza betri za LiPo (lithiamu-polima, za kuchaji) kuukuu alizozivalisha plastiki mpya na lebo ya uongo. Ukurasa wake umeshabadilisha jina, kwa hiyo jina halitawasaidia. Mtamjua kwa bidhaa yenyewe: seli 3, volti 11.1, lebo nyeusi yenye maandishi ya dhahabu "5200mAh 100C" (5200mAh ni ujazo wa chaji, 100C ni kasi ya kutoa umeme), bei Sh 45,000, na ile hadithi ya "mzigo umeingia jana kutoka Dubai". Hela unatuma kwanza, boda analeta baadaye. Ukilalamika unaambiwa umechaji vibaya, kisha unablokiwa.

Betri zake mbili zimenifikia kupitia wenzetu wa uwanjani. Moja ilikuwa bado haijatumika. Nyingine ilishaunguza meza na pazia la mtu. Ile isiyotumika nimeichana plastiki. Chini yake kuna mabaki ya lebo ya zamani, 2200 inasomeka vizuri tu. Seli moja ina namba za kiwandani tofauti na wenzake, maana yake imetolewa kwenye betri nyingine. Na kona ya seli hiyo ilishatobolewa kutoa gesi, ikazibwa kwa gundi. Yaani ilivimba, akaipasua, akaibana, akaiuza.

Kuna watakaosema mbona hata sabuni siku hizi gramu zinapunjwa. Sabuni haichomi nyumba. Lebo ya betri ndiyo unayoifuata unaposeti chaja. Kanuni ya kawaida ni kuchaji kwa 1C, yaani mkondo unaolingana na ujazo wa betri: betri ya 2200 unaipa ampea 2.2, ya 5200 unaipa 5.2. Ukiiamini lebo hii unazisukumia seli zilizochoka zaidi ya mara mbili ya mkondo wake, na zinapata joto. Angani ni hivyo hivyo. Unapanga muda wa kuruka ukidhani una 5200, kumbe unazinyonya seli mpaka chini ya volti 3.0. Zikishuka sana, shaba iliyomo ndani huanza kuyeyuka, na ukizichaji tena inaweza kujijenga pasipotakiwa na kuleta shoti. Moto wa LiPo nyingi huanzia kwenye chaja, saa chache au siku chache baada ya ndege kutua salama, wakati mwenye nayo yuko chumba kingine.

Kumkamata ni rahisi kuliko mnavyofikiri, na kifaa cha kwanza ni mizani ya jikoni. Betri ya kweli ya seli 3 ya 2200 huwa na gramu 170 hadi 200 hivi. Ya 5200 haiwezi kuwa na uzito huo. Tegemea gramu 350 na kuendelea. Hii niliyoichana ni gramu 181. Mwambieni muuzaji yeyote akutumie video betri ikiwa juu ya mizani kabla hujatuma hela. Huyu wetu alijibu kwamba stoo imefungwa.

Halafu hiyo 100C. Pigeni hesabu: 5200mAh ni ampea-saa 5.2, na 5.2 mara 100 ni ampea 520. Plagi ya manjano aliyoifunga, XT60, imetengenezwa kwa ampea 60 hivi. Hapo hata mtoto wa darasa la sita atacheka.

Betri ikishafika, pima kila seli kwenye ile plagi ndogo nyeupe. Mpya huja ikiwa na volti 3.8 hivi kwa kila seli, na zote zinakaribiana. Ukikuta moja iko 3.1 na nyingine 3.8, usiichaji, rudisha. Chaja nyingi za kubalansi (zinazosawazisha seli) zinapima pia ukinzani wa ndani wa kila seli: seli moja ikiwa mbali sana na wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa, hata kama lebo inang'aa.

Anauza pia mifuko ya rangi ya fedha ya "kuzuia moto". Nilichoma kipande cha kona kwa kiberiti, kikayeyuka kama nailoni. Mimi nachajia nje, juu ya saruji, ndani ya chungu chenye mchanga, na sitoki pale.

Ikianza kuvimba au kutoa moshi ikiwa kwenye chaja, zima umeme ukutani kwanza, kisha ondoka kwenye moshi. Moshi huo una gesi ya sumu, usiinamie kuangalia. Poda ya kizimamoto inaweza kufuta ndimi za moto, lakini seli inabaki na joto na kuwaka tena. Maji mengi ndiyo yanayopoza. Ikishika vitu vingine, toa watu na upige 114, Zimamoto.

Mlionunua tayari, hifadhini ujumbe, picha na risiti ya muamala. Namba yake ya simu iripotini kwenda 15040, na lebo bandia ni suala la FCC, Tume ya Ushindani. Kama alikuleteeni kwa boda, msimgombeze boda, yeye kabeba bahasha tu.

Betri yenyewe isikae ndani ya nyumba wala kwenye buti la gari juani. Kama haijavimba wala kutobolewa, itolewe chaji nje, juu ya mchanga, kwa balbu ya gari ya volti 12, ukiwa mbali kidogo, mpaka balbu izime kabisa. Iliyovimba au kutobolewa usiichokoe: iache nje ndani ya mchanga, mbali na ukuta na chochote kinachoshika moto, mpaka umpate anayekusanya taka za kielektroniki. Na tafadhali, msimpe fundi wa mtaani "achambue seli nzima". Huko ndiko jamaa anakopata mzigo wake wa Dubai.